Kujichora Si Ubinafsi: Hotuba ya Kufungua Maonyesho ya Mwanafunzi wa Sanaa

Walimu wenzangu, wazazi, wanafunzi, ndugu na majirani mliotoka Mbagala, na nyote mliofika jioni hii: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na habari za jioni. Bibi, shikamoo. Newala mpaka Dar es Salaam ni safari ya kuchosha hata kijana, nawe umekuja kwa ajili ya mjukuu wako. Tunakushukuru sana. Nitakuja kwako baadaye kidogo, maana bila wewe picha kubwa iliyo ukuta wa kati isingekuwepo.

Nimepewa heshima ya kufungua maonyesho haya kwa sababu nimemfundisha binti huyu uchoraji tangu alipoingia chuoni. Toka tangazo libandikwe getini, watu wananiuliza swali moja. Kazi 18, na zote kajichora mwenyewe? Kwani watu wa kuchora wameisha? Mmoja kauliza kwa upole, mwingine kwa ukali, lakini walichotaka kusema ni kile kile: huyu mtoto si anajipenda mno?

Swali hilo nalichukulia kwa uzito. Sisi wa rika langu tumekulia katika nchi ambayo kumwita mtu mbinafsi kulikuwa kumtukana. Tumelelewa na Azimio la Arusha la mwaka 1967, tumelima shamba la shule pamoja, tumekula ugali kwenye sinia moja. Na sanaa yetu nayo ilisimama upande wa wengi. Sam Ntiro, mtoto wa Machame aliyesoma chuo cha Makerere kule Uganda, kisha shule ya sanaa ya Slade kule London, halafu akawa balozi wetu wa kwanza Uingereza baada ya uhuru, alichora wanakijiji wakiwa kwenye kazi zao za pamoja. Nyuso za watu wake ni ndogo, hazina mambo mengi. Kinachozungumza kwenye picha zake ni kundi na kazi. Mimi nazipenda picha hizo mpaka leo, na nawafundisha wanafunzi wangu kuzipenda.

Kisha kuna kinyago cha ujamaa. Ukifika Mwenge, kwenye soko la vinyago, unavikuta: watu wamebebana kuanzia chini mpaka juu, wote wametoka kwenye gogo moja la mpingo. Anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo huo ni fundi Mmakonde aliyehamia huku kutoka Msumbiji, Roberto Yakobo Sangwani, miaka ya 1950. Wengi wetu tukikitazama tunaona umoja, tunaridhika, tunaendelea na safari. Nawaomba siku moja mkizunguke polepole, mtazame nyuso. Kwenye kazi ya fundi hodari huoni nyuso mbili zinazofanana. Huyu anacheka, yule kafumba macho, mama yule kabeba mtoto na shingo yake imeinama kwa uzito wa aliye juu yake. Fundi mwenye haraka ndiye anayerudia sura moja kuanzia chini hadi juu ili amalize oda ya watalii, na ukikishika kinyago chake unajua mara moja kwamba kimekufa. Umoja ule unapendeza kwa sababu kila aliyemo ana uso wake. Ukiwanyang'anya nyuso zao, kinachobaki ni mrundikano.

Kwa hiyo mimi sioni kwamba binti huyu ameukimbia umoja wetu. Ameleta uso wake, na ameufanyia kazi.

Na uso si jambo dogo katika historia ya watu wa kwao, Wamakonde wa kusini. Nyuso za watu wa kusini zimepigwa picha mapema sana, ila si na wao wenyewe. Mwaka 1906, Vita vya Maji Maji vikiwa bado havijazimika, Mjerumani mmoja wa jumba la makumbusho la Leipzig, Karl Weule, alifika Lindi akapanda bara hadi Masasi na Newala. Alikuwa na kamera, mashine ya kunasa sauti na mashine ya filamu. Aliwapiga picha Wamakonde, Wayao na Wamakua, wakiwemo wanawake wenye ndonya, yaani pambo lililotobolewa kwenye mdomo wa juu, na chale usoni. Picha za aina ile, zilizopigwa na wageni wengi wa zama zile, mara nyingi chini yake limeandikwa kabila tu. Jina la mtu hakuna. Mwanamke yule alikuwa na jina alilopewa na wazazi wake, pengine alikuwa na mtoto aliyekuwa akimngoja kando, pengine alikuwa na njaa, maana vita ile iliteketeza mashamba na maghala. Karatasi inasema ni mwanamke wa Kimakonde, basi.

Katika safari ile ile kuna jambo jingine ambalo napenda kuwasimulia wanafunzi. Weule aliwagawia wapagazi na wenyeji karatasi na penseli, wachore watakacho. Mnyapara wa wapagazi wake, mtu aliyejulikana kwa jina la Pesa Mbili, alichora msafara wenyewe ukiwa njiani. Fikirieni mkono ule. Mtu aliyezoea kuhesabiwa, kupangwa mstari na kubebeshwa mizigo, kwa muda mfupi alishika penseli, na mara hiyo yeye ndiye aliyekuwa anawatazama wengine, mgeni mwenye kamera akiwemo.

Kwa jirani zetu Kenya, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1920, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kutembea na kipande: karatasi yenye alama za vidole vyake na maelezo ya waajiri wake, ndani ya kijaluba cha bati kilichoning'inia shingoni. Yeye ni nani, mwingine ndiye aliyeandika, na akikutwa bila kipande aliadhibiwa.

Leo vitambulisho ni vya kwetu, na kila kimoja kina kazi yake. Lakini hebu tazameni kazi ya kwanza hapo mlangoni, ile ya biki ya bluu. Mnakumbuka picha za pasipoti saizi alizopiga kwa ajili ya fomu zake zote, za shule, za chuo, za mkopo? Amezichora upya, moja moja, kwa biki ya kawaida ya dukani, kila moja kubwa kama daftari lililofunuliwa. Ziko 9. Aliyewahi kukaa kwenye kile kigoda cha studio anazijua amri: masikio yaonekane, usicheke, tazama mbele, usipepese. Picha 8 zimetii. Ya mwisho amegeuza shingo kidogo tu, kama mtu aliyesikia anaitwa. Nilimuuliza nani alikuwa anamwita. Akasema, "Mama, mwalimu. Alikuwa nje ananisubiri, mandazi yalikuwa yanapoa." Msipite pale kwa haraka. Shingo ile imechorwa kwa mistari ya biki isiyohesabika, na biki haifutiki.

Sasa ukuta wa kati. Ile picha ya mkaa ni ndefu kuliko mimi, na ndiyo iliyonifanya nikubali kusema maneno haya.

Wazee waliopo wanajua kwamba Wamakonde wa zamani walichanja chale usoni, mistari na pembe zilizopangwa kwa utaratibu, zikapakwa masizi ili zibaki nyeusi. Bibi anazo. Mjukuu wake hana, mama yake hana. Binti amekulia Mbagala, Kimakonde chake kinaishia kwenye salamu, na bado kila anakokwenda anaulizwa yeye ni mtu wa wapi, na akijibu Mmakonde anaombwa athibitishe kwa lugha asiyoijua. Likizo iliyopita alikwenda Newala akakaa na bibi. Alipima kwa uzi: kutoka pembe ya jicho hadi sikio, kutoka pua hadi shavu, mstari kwa mstari. Aliporudi hapa chuoni aliweka kioo mbele yake, akajichora chale zile usoni mwake kwa mkaa, kila moja mahali pake, kisha akaanza kuchora anachokiona.

Ilikuwa mchana, mwezi wa pili, na joto la Dar es Salaam mnalijua. Jasho likaanza kuuyeyusha mkaa. Mistari ya paji la uso ikashuka kwenye nyusi, ya shavuni ikachuruzika hadi shingoni. Mwanafunzi mwingine angeosha uso akaanza upya. Yeye aliendelea, akachora ule mkaa unavyochuruzika. Ndiyo maana ukisogea unaona upande wa kulia chale zinasomeka, na upande wa kushoto zimekuwa kama moshi. Kwa bibi alama zile zimekatwa kwenye ngozi, hazitoki mpaka kaburini. Kwa mjukuu zilidumu mchana mmoja. Picha haidai kwamba yeye ni sawa na bibi yake, wala hailii kwamba amepotea. Inaonyesha umbali uliopo kati yao, kwa ukubwa wake halisi. Kwangu mimi huo ndio ukweli mkubwa kabisa uliomo humu ndani.

Bibi alikubali kupimwa kwa sharti moja: jina lake liandikwe. Limeandikwa, mtaliona pale chini kwa herufi kubwa, jina lake na la baba yake. Mkikumbuka wale wanawake wa mwaka 1906, mtaelewa kwa nini nilisimama mbele ya herufi zile muda mrefu.

Yupo mpiga picha mmoja ambaye nilimwambia binti huyu amsome, Samuel Fosso. Alizaliwa Kameruni mwaka 1962, akalelewa Nigeria, vita ya Biafra ikamkuta akiwa mdogo, baadaye akachukuliwa na mjomba wake kwenda Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mwaka 1975, akiwa na miaka 13, alifungua studio yake. Mchana alipiga picha za wateja. Jioni, filamu ikibaki vipande vichache kabla ya kusafishwa, alijipiga mwenyewe, kavaa suruali pana, miwani, viatu virefu, ili picha zile azitume kwa bibi yake aliyebaki Nigeria, ajue mjukuu yu hai na anaendelea vizuri. Kazi ambazo leo zinatundikwa kwenye makumbusho makubwa ya dunia zilianza hivyo, kama barua kwa bibi. Mwaka 2008 alijigeuza kuwa Lumumba, Nkrumah, Malcolm X, Angela Davis na wengine, akavaa sura zao mmoja mmoja mbele ya kamera. Mwaka 2014, vurugu zilipotokea Bangui, nyumba yake iliporwa na picha zake zikatupwa barabarani, waandishi wa habari wakaokota walizoweza kuokota. Nawatajia haya wanafunzi mliopo ili mjue kwamba kujipiga picha, kwa baadhi ya watu, kumekuwa njia ya kuthibitisha kwamba wapo.

Niseme neno kuhusu ufundi, maana hapa tupo chuoni. Tazameni kidoti chake cha shavuni. Kwenye picha nyingine kiko kushoto kwenu, nyingine kulia. Hakuna kosa hapo. Alipochora kwa kioo, kioo kiligeuza. Alipochora kutoka kwenye picha aliyopigwa na mwenzake, kidoti kilikaa upande ambao sisi tunamwona nao kila siku. Ina maana uso anaoujua yeye tangu utotoni si ule tunaoujua sisi, na mpaka leo hajawahi kujiona kama tunavyomwona isipokuwa kwa msaada wa chombo. Ndiyo maana pia macho ya anayejichora kwa kioo huwa makali, yamekukazia: lazima yarudi kwenye kioo kila baada ya mstari. Mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer, kule Nuremberg mwaka 1484, alijichora hivyo akiwa na umri wa miaka 13. Mchoro ule bado upo, na macho yake yana kazi ile ile.

Halafu rangi. Hili linanigusa sana kuliko mnavyodhani. Zile picha mbili za rangi zilizotundikwa pamoja dirishani, moja imechorwa kwa kufuata picha ya simu ambayo programu imeilainisha na kuing'arisha yenyewe, nyingine kwa kufuata kioo. Sote tunazo simu hizo. Unajipiga, na kabla hujagusa kitu ngozi imeshapauka, pua imeshapungua. Wala si jambo la jana. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha picha za rangi zilipima usahihi wa rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mweupe. Uso mweusi ukitoka kama kivuli chenye meno, lawama alipewa mwenye uso. Hata kalamu za watoto za Crayola zilikuwa na rangi ya waridi iliyoitwa rangi ya ngozi hadi jina hilo lilipobadilishwa mwaka 1962. Na huku kwetu kuna mkorogo, na sote tuna ndugu au jirani ambaye ngozi yake imeharibiwa nao.

Basi sogeeni kwenye ile ya kioo. Hakuna rangi nyeusi pale, hata tone. Nilimwona akiichanganya wiki nzima: kahawia ya udongo, bluu nzito, nyekundu kidogo, njano kwenye taya. Paji la uso, pale taa inapopiga, kuna bluu na hata zambarau. Ukikaa hatua moja mbali unaona rangi zinagombana. Ukirudi nyuma unaona ngozi yenye joto, ngozi yetu, jinsi ilivyo chini ya taa ya chumba cha kupanga. Kufika hapo alifuta na kuanza upya mpaka kitambaa alichochorea kikaanza kuchoka. Kijana anayeitazama ngozi yake kwa bidii ya namna hiyo, nina imani hataipeleka kwenye mkorogo.

Kuna kazi ambazo haina haja nizieleze. Mtazione wenyewe. Na kuna moja ambayo nilishamwambia na narudia mbele yenu kwa mapenzi ya mwalimu: ile yenye nywele zilizogeuka ramani ya Afrika. Imechorwa vizuri, lakini haina siri yoyote. Ramani ile ingeweza kuwekwa kwenye kichwa cha yeyote kati yetu. Kazi yake inapata nguvu pale anaposema lile ambalo yeye peke yake analiweza: uzi wa bibi, sauti ya mama nje ya studio.

Kama mikono. Iko pembeni, karibu na ngazi, na nusu yenu mtaipita mkidhani haihusiki. Hapo pia kajichora mwenyewe, ila bila uso. Mikono miwili juu ya meza, kiganja kimoja juu, kingine chini. Kwenye kifundo cha mkono wa kulia kuna kovu la mafuta ya moto, limekaa kama jani dogo, limeng'aa kuliko ngozi iliyolizunguka. Binti huyu, kwa muda wote aliosoma hapa, ameamka alfajiri kumsaidia mama yake kuchoma mandazi na vitumbua kabla ya kupanda daladala kuja darasani. Kucha zina unga wa ngano upande mmoja, na mkaa wa kuchorea upande mwingine. Mama, nakuona umeinamisha kichwa. Usiinamishe. Ada imetoka kwenye karai lile.

Mpiga picha Zanele Muholi wa Afrika Kusini amefanya jambo la jinsi hiyo. Amejipiga picha nyingi akiwa amejipamba kwa vibanio vya nguo na nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, na baadhi ya picha hizo amezitoa kwa heshima ya mama yake aliyefanya kazi za ndani kwenye nyumba ya wazungu kwa miaka mingi. Anapojipiga mwenyewe, mama yumo. Nayo mikono hii, ukiniuliza ni ya nani, nitakwambia ni ya watu wawili.

Wazazi, nimalizie kwenu. Najua wengi mlipoambiwa mtoto anataka kusoma sanaa mlishika kichwa. Mliuliza atakula nini, na mlikuwa na haki ya kuuliza. Sitawadanganya kwamba kazi zipo tele. Rangi nzuri ni ghali, brashi zinagawanwa, na mwanafunzi akimaliza anakutana na soko linalotaka tembo na Mmasai aliyesimama kwenye machweo. Ninachowaomba ni kimoja: mtoto akichora asichoulizwa na soko, msimwambie anapoteza muda. Nendeni mkatazame. Muulizeni kwa nini kaweka mstari pale. Wachoraji wengi wa nchi hii waliacha kabla ya kuanza kwa sababu nyumbani hakuna aliyewauliza hata mara moja.

Nanyi wanafunzi wa mwaka wa kwanza, mwaka ujao nitawapa zoezi hili hili, kwa hiyo jioni ya leo ni darasa. Msije kuiga chale, msije kuiga biki. Bibi huyu si wenu. Tafuteni wa kwenu.

Utaratibu ni huu. Maonyesho yatakuwa wazi hadi Jumamosi saa 12 jioni. Karatasi ya bei iko mezani kwa mlezi wa wanafunzi. Picha ya chale na ile ya mikono haziuzwi, zinakwenda Newala na Mbagala. Pale kona ya mlango wa nyuma kuna kioo, karatasi na vipande vya mkaa. Kila anayetoka anaombwa akae dakika kumi, ajichore, aandike jina lake chini, lote, kisha abandike ukutani. Ukuta ule tumeuacha mtupu kwa makusudi. Msiniambie hamjui kuchora. Leo hakuna atakayepewa maksi.

Bibi ameomba awe wa kwanza. Mleteeni kiti chenye egemeo, na kile kioo kishusheni kidogo.